Kamba ya Kengele Ndogo

Haya ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu machache yaliyobaki. Mimi ndiye niliyekuwa konstebo wa kijiji cha Skelderby, Uingereza, wakati wa vita, na niliyaona kwa macho yangu.

Kamba iliibwa Jumapili alfajiri. Na si Jumapili ya hivi hivi. Kengele za makanisa yote nchini zilikuwa zimenyamazishwa. Zingelia tu siku Wajerumani wangetushukia kwa miavuli. Sasa jeshi letu lilikuwa limeshinda jangwani Misri, na serikali ikaruhusu zilie tena kushangilia. Watu wa redio, katika Yorkshire nzima, wakalichagua kanisa letu. Matangazo ya moja kwa moja! London ingetusikia. Vijana wetu vitani wangetusikia. Hata kuku wa Skelderby walitembea kifua mbele.

Jabez Thwaite, kiongozi wa wapiga kengele, aliingia chumba cha kamba, chini ya mnara, akatoka mweupe kama chokaa. Kamba ya kengele ndogo haikuwapo. Na kengele ndogo ndiyo huanza, kubwa zote huifuata. Bila hiyo hakuna mlio.

Inspekta Ezra Holroyd aliletwa kutoka mjini. Mtu mfupi, sharubu nene, mbanifu wa maneno. Alizipanda ngazi za mnara kwa pumzi moja. Mimi nilimfuata kwa pumzi nyingi.

"Konstebo, umegusa chochote eneo la tukio?"

"Ukuta tu, afande. Nisianguke."

Aliinama juu ya gurudumu la kengele, lile linalofungiwa kamba. Kamba haikukatwa. Fundo lilifunguliwa taratibu, na mtu anayelijua. Alama za vidole hakuna, zimefutwa. Kisha akachovya kidole kwenye vyuma.

"Mafuta mapya. Kengele zote zimepakwa. Mwizi gani anaiba kamba, halafu anazipaka kengele mafuta?"

"Mwizi mwenye adabu, afande."

"Mwizi anayezipenda."

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Obadiah Crake, wa kijiji jirani cha Cold Harrow. Jabez alikuwa amemwalika aivute kamba ile, maana mwenye kamba hayupo. Mwenyewe ni Wilfred, mwana wa pekee wa Jabez, aliyepotea vitani tangu kiangazi.

"Ulikuwa wapi alfajiri?" Inspekta alimuuliza.

"Nakamua ng'ombe. Waulize."

"Redio haikuchagua kijiji chenu."

"Wana masikio mabovu, ndiyo maana."

"Kwa hiyo una kinyongo na Skelderby."

"Ninacho! Nimekirithi kwa babu yangu. Lakini leo nchi nzima inisikie mimi, mtu wa Cold Harrow, nikiwaanzishia Skelderby kengele zao, halafu niiibe kamba? Mimi mjinga, Inspekta, lakini si kiasi hicho."

Inspekta alimwachia.

Bwana Peverell, mtu wa redio, alikuwa akizunguka makaburini na visikizio shingoni. "Kamba isipopatikana kabla ya ibada, nahamisha maikrofoni zangu Cold Harrow. Wao wako tayari."

Jabez alikaa juu ya kaburi la babu yake, kichwa mikononi.

Tulipekua nyumba hadi nyumba. Nilichungulia chini ya vitanda, nikafukua stoo za makaa. Kwa mchungaji nilikuta paja la nguruwe lisiloendana kabisa na mgao wa chakula wa wakati wa vita. Sikuliona. Na lilikuwa tamu.

Nyuma ya nyumba ya Jabez, Inspekta alisimama ghafla. Uani zilining'inia shuka nyeupe pe, kutoka ukuta hadi mti wa tufaha.

"Konstebo, leo siku gani?"

"Jumapili, afande."

"Mama yako hufua Jumapili?"

"Afande! Mama yangu hata leso hakuwahi kuanika Jumapili. Majirani wangeacha kumsalimia. Kufua ni Jumatatu."

"Hata kwetu."

Alishika pindo la shuka. Mikunjo ya pasi ilikuwa bado imekaa. Akaifunua. Kamba iliyoibeba ilikuwa nene mno kwa kuanikia nguo, na katikati, ndani ya foronya, kilifichwa kishikio cha mpiga kengele, cha sufu nyekundu, nyeupe na buluu.

Hester, mke wa Jabez, alikuwa amesimama mlango wa jikoni, unga mikononi.

"Bi Thwaite, shuka hizi hazijafuliwa."

"Nifue Jumapili?" Alichukia kwelikweli. "Unanionaje, wewe?"

"Naona umeiba kamba ya kanisa."

"Hilo sikatai."

Jabez alikuwa amefika, Crake nyuma yake. "Hester! Wewe?"

"Mimi. Kamba hiyo ni ya Wilfred. Jeshi limesema amepotea, halijasema amekufa. Leo huyu Crake akiivuta, nchi nzima inasikiliza, itakuwa nimekubali mwanangu harudi tena. Sikubali, Jabez. Nifungeni."

"Na mafuta?" aliuliza Inspekta.

"Nilikuwa nimeshafika kule juu. Jabez hapandi tena, goti lake bovu. Niziache zikwaruze mbele ya London? Nina aibu zangu."

Inspekta aliushika mkono wake, akaugeuza. Kiganjani kulikuwa na sugu za zamani, ngumu.

"Nani alimfundisha Wilfred?"

"Mimi," alidakia Jabez.

Hester aliguna. "Wewe ulimkuta anajua. Baba yangu ndiye aliyekuwa akizitunza kengele hizi. Kamba ile niliivuta hata kabla hujanichumbia, milango ikiwa imefungwa. Wilfred nimemfundisha mimi, wewe uko shambani."



"Basi mshikie nafasi yake mpaka arudi," Inspekta alimwambia Hester.

"Skelderby mwanamke havuti kamba!" Jabez alifoka.

"Skelderby leo haina kengele, Bwana Thwaite. Chagua."

Crake alivua kofia. "Chukua, mama. Mimi nikikosea hata kidogo, watasema nimefanya makusudi."

Kamba ilirudishwa. Hester alisimama na aproni yake, akashika kishikio cha sufu. Bwana Peverell akashusha mkono. Hester akavuta.

Kengele ndogo ikaita. Zikaitika nyingine, moja baada ya moja, hadi kubwa ya Jabez, na mnara ukatikisika. Watu walitoka hadi barabarani, wakasimama, kofia mikononi. Hester hakukosea hata mara moja. Jabez alimtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, na hakujaribu kuificha fahari yake. Mimi nililia. Vumbi la mnarani.

Inspekta hakufungua jalada. "Mama ameanika shuka," alisema. "Tangu lini ni kosa?"

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikiyasimulia haya baa, na nikaendelea: kule Italia, kwenye kambi ya mateka, Wilfred alikuwa na redio aliyoitengeneza kwa kopo la dagaa. Aliposikia kengele tu, akaruka, "Huyo mama yangu!" Hata askari wa Kitaliano wakalia.

"Clem," ilisema sauti karibu na moto. "Redio ipi?"

Nikageuka. Mzee Wilfred Thwaite mwenyewe, kiko mdomoni. Sikumwona akiingia.

"Kambini hata kopo la dagaa hatukuliona. Jumapili hiyo nilikuwa nasafisha zizi la nguruwe. Mama ndiye aliyenisimulia, siku niliyorudi. Alinipeleka mnarani, akanikabidhi kamba, hata chai hajanipa."

Baa nzima ikacheka.

"Lakini ya mama yako je?" nilijitetea.

"Ya mama ni kweli, kila neno. Haikuhitaji redio yako. Kwa hiyo vinywaji utanunua wewe."

Nikawanunulia wote. Wilfred akatuinua vitini, na raundi ile ya kwanza tukainywa kwa jina la Hester, tumesimama wima.