Sahani ya Tatu

Sahani zilikuja tatu. Mwanvua na mumewe Jamali walikuwa wawili tu kwenye benchi, katika kichochoro kimoja cha Delhi nyuma ya msikiti mkubwa, siku yao ya pili nchini India. Jamali alikuwa ameonyesha vidole viwili, akavionyesha tena, hata akamgusa mkewe begani kisha akajigusa kifuani ili mwenye mishikaki aelewe. Yule bwana akatikisa kichwa, akacheka, akaweka sahani ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaiweka mbele ya nafasi iliyokuwa wazi.

"Banatuibia," Jamali alinong'ona. "Banaona tuko wageni, basi banatuibia."

"Lipa tu, Baba Faridi. Tusigombane na watu hatujue luga yao."

Alilipa amenuna. Mwanvua akamega mkate, akafungia nyama, akatia mdomoni, na hapo akakasirika yeye pia. Nyama ile ilinukia tangu mwanzo wa kichochoro. Mdomoni ilikuwa kama anatafuna kitambaa kilichofuliwa.

Tuseme ukweli: Mwanvua hakwenda India kutembea. Kutembea na kupiga picha kulikuwa kwa Jamali. Yeye ana resto yake Rumonge, mjini kwao kando ya ziwa, karibu na soko, anapika pilau, maharage na samaki wa mukeke wa kukaanga, na kwa miaka mingi alikuwa na ndoto moja tu: aende kwa wenye bizari, aonje vyakula vya barabarani mji kwa mji bila haraka, arudi na mkono mpya. Siku hizi Rumonge imejaa resto, na wateja ni kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanafuata taa inayowaka zaidi. Jamali, anayeuza mafuta ya mawese, alimwahidi mkewe safari hiyo wakati Faridi mtoto wao yuko shule ya msingi. Sasa Faridi ana ndevu. Mtu akingoja hivyo, kisha akafika na kukuta chakula hakina ladha, nani wa kumlaumu akinuna?

Na alinuna kweli. Agra walikwenda kuliona lile kaburi jeupe ambalo dunia nzima inalisifu, Jamali akapiga picha mpaka simu ikazima, na Mwanvua akakaa kivulini na kisanduku cha tamutamu za boga akizitafuna moja baada ya nyingine, akitafuta sukari asiipate. Lucknow waliambiwa kuna mishikaki laini ambayo hata kibogoyo anaimeza. Ililetwa kwenye sahani tatu. Jamali alipiga meza kwa hasira, akaitwa mwenye duka, na mwenye duka akaitazama ile nafasi ya wazi, akainamisha kichwa kwa adabu kama anayemwamkia mkubwa, akaondoka.

Kolkata ndipo hasira ya Mwanvua ilipoanza kuingiwa na baridi. Ilikuwa mchana, jua kali. Pembeni mwa barabara palikuwa na muuza vibofu vya unga vinavyojazwa maji ya ukwaju, na desturi yake ni kuwapa wateja kwa zamu, kimoja kimoja, mkononi mwa kila mtu bakuli la majani. Akampa Mwanvua. Akampa Jamali. Kisha akanyoosha mkono kushoto kwa Mwanvua, mahali pasipokuwa na mtu, na mkono ukarudi mtupu. Akampa Mwanvua, akampa Jamali, akanyoosha tena kushoto, ukarudi mtupu. Mwanvua akanusa harufu ya udongo mkavu uliopigwa na mvua ya kwanza, na hakukuwa na wingu hata moja. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, akasikia mtu analamba vidole.

"Turudi nyumbani," alisema.

"Lakini bado—"

"Nimesema turudi, Baba Faridi."

Walirudi. Alijiambia kwamba mambo ya India yatabaki India, akafungua resto, akapaka ubao chokaa, akaandika: PILAU YA LUCKNOW. Siku ya kwanza watu walijaa mpaka mlangoni. Siku iliyofuata walikuwa nusu. Aliyekuja kumwambia ukweli alikuwa Bernardo wa taksi-moto, dereva wa pikipiki ya abiria na mteja wake wa kila siku, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na bado ana heshima za kule.

"Shikamoo, Mama Faridi. Naomba usinielewe vibaya."

"Sema tu."

"Chakula chako siku hizi... kinashibisha. Lakini ni kama nakula hewa."

Mwanvua aliingia jikoni, akachota wali kwenye sufuria, akaonja. Ulikuwa mtamu kuliko wote aliowahi kupika. Akachukua ule ule, akaupakua, akaupeleka mezani, akaonja tena. Hakuna kitu. Basi akasimama katikati ya resto yake saa ya chakula cha mchana, mwiko mkononi, akitazama wateja wachache waliobaki wakitafuna kwa uvivu, na kwenye meza ya pembeni ambayo hakuna aliyeikalia aliona kiti kimevutwa nyuma kidogo kama mtu anavyokivuta akitaka kukaa vizuri, akanusa tena ule udongo wa mvua ya kwanza ukipita juu ya harufu ya kitunguu na mafuta, ukienda meza hadi meza, ukisimama juu ya kila sahani kabla mwenyewe hajanyanyua mkono, na kila uliposimama akasikia ule mlio, taratibu, bila haraka yoyote, wa mtu anayelamba kidole kimoja, akamaliza, akaanza kingine.

Alitaka kupiga kelele. Badala yake alilia kwa hasira, mbele ya watu.

Bi Nour anatengeneza sabuni ya mawese mtaa wa pili, na wanaojua wanajua kwamba anatengeneza na mengine. Hakuacha kukoroga pipa lake hata Mwanvua alipofika na kuanza kueleza.

"Nilisomesha Kurani," Mwanvua alisema kwa sauti ya chini. "Nilichoma ubani. Haendi."

"Hawezi kwenda. Kisomo kinafukuza mwizi. Yule si mwizi, mwanangu. Siku mulifika, mulikula wapi?"

"Barabarani, jioni. Karibu na kaburi ya zamani, iko na kitambaa ya kijani."

"Hakuna mutu alikuwa anakuangalia?"

Mwanvua akafikiri. "Iko muzee mumoja, nguo nyeupe. Alisimama pale ukutani. Nikamwambia karibu, tule. Bibi, utakula namna gani na mwenzako anakuangalia?"

Huku ziwani neno hilo hutoka lenyewe, na jibu lake nalo hutoka lenyewe: murakoze, yaani asante, nimeshakula. Kila mtu ameridhika, na kila mtu anabaki na chakula chake.

"Akajibu nini?" Bi Nour aliuliza.

"Hakujibu. Alisogea, akakaa. Nikageuka kumwambia Jamali, kurudi simuone."

"Ulimukaribisha kwa luga gani?"

"Kiswahili."

"Na pale Delhi, nani alikuwa anasikia Kiswahili?"

Bi Nour akaacha kukoroga. Povu la sabuni lilikuwa linapasuka polepole pipani.

"Umemualika, basi iko mugeni wako," Bi Nour alisema mwishowe. "Lakini mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Wewe unampa sahani mpaka leo! Mupe kazi. Jini ya sahani iko muvivu, akiona jembe atakimbia."

Kesho yake mchana, Mwanvua alifunga mlango wa resto. Akapakua sahani tatu, na juu ya ya tatu, badala ya wali, akalaza jembe la Jamali.

"Mugeni," alisema kwa hasira zaidi ya hofu. "Umekula ya kutosha. Shamba yetu ya mawese iko Kigwena, imejaa majani. Kaanze kazi."

Kulamba vidole, kulikokuwa kumeanzia sahani ya kwanza, kukakoma. Kiti kikasogea nyuma. Harufu ya udongo ikampita usoni, ikatoka nje, na Mwanvua alipotazama sahani, jembe halikuwapo.

Akaonja wali. Alhamdulillahi! Karafuu, iliki, chumvi, vyote vilikuwa mahali pake. Kabla ya wiki kwisha Bernardo alikuwa anaomba sahani ya pili, watu wanasimama mlangoni, na Mwanvua anaimba jikoni kama bibi harusi. Bi Nour alipelekewa sufuria nzima ya pilau.

Ni Jamali aliyeshikilia waende Kigwena wakatazame shamba. Mwanvua alibeba kikapu chenye sufuria ya wali na sahani mbili, alizihesabu mwenyewe. Nyani wa msitu uliopakana na shamba ni wajeuri, hupiga kelele kutwa. Siku hiyo walikuwa wamekaa juu ya miti wote kimya, wakitazama chini.

Shamba lilikuwa limelimwa. Hakuna jani lililobaki, kuanzia barabarani mpaka ukingo wa msitu, udongo umelainishwa kama unga wa muhogo.

"Kibarua kama huyu ungemupata wapi?" Jamali alisema, uso wote meno.

"Nyamaza."

Aliliona jembe limesimikwa katikati. Limelika. Bamba lote lilikuwa limebaki saizi ya kijiko.

"Nimemaliza, mama," ilisema sauti kutoka nyuma ya michikichi, ya upole, sauti ya mtu wa hapa hapa. "Iko chakula?"

Hasira ilimpanda Mwanvua mpaka machozi yakamtoka: kwa Bi Nour, kwa Jamali na picha zake, na zaidi ya wote kwa mdomo wake mwenyewe. Mgeni unaweza kumuaga. Lakini mtu aliyekulimia shamba mpaka jembe likaisha, akakuita mama, si mgeni tena, ni wa nyumbani, na Mwanvua hakulelewa kumnyima mtu wa kazi chakula. Alifungua kikapu. Akapakua sahani yake, akaiweka juu ya udongo uliolimwa, akarudi nyuma.

Walisikia vidole vikilambwa, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Mwanvua akagusa wali uliobaki sufuriani, akautia ulimini. Haukuwa na kitu.

"Murakoze, mama," ilisema ile sauti, safari hii karibu na bega lake. "Kesho tunalima wapi?"