Rudi Kabla ya Majibu

Lifti ya jengo la vitambaa ilipokwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ndani yake alikuwamo mwanamke mmoja tu na majora yake ya kitambaa cha mapazia. Nje, wanunuzi walijazana ngazini wakisukumana, na mlinzi alikuwa akipiga kelele, "Tulieni! Tulieni!" ilhali yeye mwenyewe ndiye asiyetulia.

Mwanamke yule alikuwa mshonaji. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, na utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni kama mkufu. Mlango ulipofunguka nusu, aliona tochi kwanza, kisha uso wa fundi wa lifti, kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu iliyofifia magotini.

"Nipe mkono, dada."

"Chukua majora yangu kwanza."

"Dada, mimi naokoa watu, siokoi mapazia."

"Basi niache humu nishone. Ukirudi utaikuta lifti yako imevaa."

Fundi alicheka mpaka tochi ikamponyoka. Akayatoa majora moja baada ya jingine, mwisho akamvuta mwenyewe. Mkono wa mshonaji akakawia kuuachia.

"Hatari imekwisha, fundi. Huo mkono nitauhitaji."

"Samahani. Nilikuwa naukagua kama haujapata hitilafu."

Namba ya simu fundi aliiona kwenye mfuko wa kazi wa mshonaji, imechapwa kwa rangi nyekundu. Jioni hakujizuia, akapiga.

"Halo, nataka pazia."

"La dirisha la ukubwa gani?"

"Dirisha sina. Nina shida ya kukuona tu."

"Basi njoo kesho na shida yako, tuipime."

Waliipima wee, mpaka wakaoana. Mwaka uliofuata wakajaliwa binti mwenye pua ya duara, na baba yake akambandika jina la Kitufe. "Huyu ukimgusa pua tu," alisema, "nyumba nzima inapanda juu."

Lakini Kitufe aliota meno, akatembea, akajua kupanda viti na kumwaga maji, na bado hakugeuka alipoitwa. Walidhani ni ukaidi. Siku moja mfuniko wa sufuria ulimponyoka mama yake na kulia kama kengele nyuma ya mtoto. Mtoto hakutikisika hata ukope. Daktari wa masikio alithibitisha kwamba hasikii. Akasema wapimwe vinasaba wote watatu, maana chanzo kikijulikana, itajulikana pia kama kifaa cha kupandikiza sikioni kitamfaa.

Hapo ndipo dada yake fundi, mwenye saluni na mwenye ulimi, alipoingia kati. "Kwetu hakuna kiziwi, hata wa dawa," alimwambia mdogo wake. "Masikio hayo yametoka wapi?"

Maneno hayo yaliangukia kidonda cha zamani. Baba mzazi wa fundi alikuwa amemkana tangu tumboni. Alisema, "Huyu si wangu," akafa bila kumwita mwanangu. Mshonaji alikijua kidonda hicho, na hakuwahi kukitonesha.

Siku ya vipimo, mshauri wa vinasaba, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimwita mshonaji peke yake chumbani.

"Swali hili tunamuuliza kila mama, usilichukulie vibaya. Kipimo hiki kinatafuta chanzo cha uziwi, hakitafuti baba. Lakini tukilinganisha damu ya mtoto na za wazazi, kama baba mzazi ni mwingine, linaweza kujitokeza lenyewe hata kama hatukulitafuta. Lipo lolote ungependa kuniambia?"

"Halipo, mama. Baba yake ni huyo huyo aliyekaa nje. Ila nakuomba, mume wangu asisikie habari hizi. Zitamuua."

Kitufe alikuwa amemtoroka baba yake na kuusukuma mlango. Fundi, aliyeinama kumkamata, hakusikia swali, hakusikia jibu. Alisikia tu sauti ya mkewe ikisema, "Nakuomba, mume wangu asisikie habari hizi. Zitamuua."

Alitoa damu bila kumtazama mkewe. Walipofika nyumbani alisimama katikati ya sebule, kati ya cherehani na rundo la vitambaa.

"Habari gani hizo nisizotakiwa kuzisikia?"

Mkewe akashtuka, kisha akamweleza yote, swali na jibu, na kwa nini alimwonea huruma. Kila alivyoeleza, uso wa mumewe ulizidi kukaza.

"Sawa," fundi alisema mwishowe. "Tusubiri majibu."

"Tusubiri majibu? Yaani nimekwambia mimi, mkeo, na bado mpaka damu initolee ushahidi?"

"Nimesema tusubiri tu. Kama huna la kuficha, unaogopa nini?"

Mshonaji akaweka mkasi chini polepole.

"Nisikilize vizuri, baba Kitufe. Ukitaka kurudi kwangu, rudi kabla ya majibu. Yakikutangulia mlangoni, baki nayo huko huko. Mimi siwezi kuishi na mwanamume anayenipenda kwa cheti."

Fundi alichukua begi akaenda kwa dada yake. Shaka ya baba yake ilikuwa imetoka kinywani mwake mwenyewe, naye hakuitambua.

Majuma yakapita. Fundi alipanda na kushuka majengo ya watu, akaweka sawa milango ya kila mtu isipokuwa wa kwake. Kila jioni alipiga simu.

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Kitufe je? Mpe nimsalimu."

"Hasikii simu, baba Kitufe. Ukitaka kumsalimu, mletee uso wako."

Na simu ikakatwa.

Mchana mmoja alipita saluni kuchukua funguo, akamkuta dada yake akimsuka mteja. "Mdogo wangu huyu anasubiri majibu," dada alikuwa akisema. "Wakimwambia mtoto si wake, roho yake itapumzika."

Fundi akasimama. Akajaribu kuiona hiyo siku ya kupumzika: Kitufe anamkimbilia miguuni, naye anamrudisha nyuma kwa sababu ya maneno ya maabara. Haikuingia akilini.

"Dada, mimi nimefanana na nani?"

"Na baba, nani mwingine? Sura, mwendo, hata chafya."

"Na bado alisema mimi si wake."

"Baba alikuwa na mashaka yake..."

"Alikuwa na mashaka, na mimi nikawa na njaa ya neno moja. Sasa mimi ndiye nimekaa kwako namnyima mwanangu neno hilo hilo. Wewe unanipikia, nami nashiba!"

Mkono wa dada ulibaki hewani na kitana. Fundi alikwishatoka, funguo hata hazikumbuki.

Alifika nyumbani na ovaroli yake, jasho likimtiririka. Kitufe alimwona wa kwanza, akajibwaga miguuni pake na kung'ang'ania goti. Mshonaji alisimama nyuma ya cherehani, uso haufunguki.

"Hospitali wamekupigia?"

"Sijapigiwa na mtu. Nimekuja kuomba radhi, sikujia majibu. Hata wakisema mtoto ni wa jirani, mimi ndiye baba yake. Na wewe ulinieleza ukweli, nikauweka kwenye foleni nyuma ya damu. Nisamehe, mke wangu."

"Wa jirani yupi? Yule mwenye kitambi?"

"Yeyote."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Lakini midomo yake ilikuwa tayari inatetemeka. "Majibu yametoka asubuhi hii. Tunaitwa kesho. Nimekaa hapa kutwa nzima namwomba Mungu wasikupigie kabla hujaja."

Fundi akakaa chini na mtoto wake begani.

"Kwa hiyo nimewahi?"

"Chupuchupu," alisema mkewe, akaja akakaa kando yake, kichwa kwenye bega lililobaki.

Kesho yake walikaa mbele ya mshauri wakiwa wameshikana mikono.

"Uziwi wa mtoto ni wa kurithi," alisema. "Mama anabeba kinasaba kimoja chenye hitilafu, na baba anabeba kimoja kama hicho. Kimoja peke yake hakimzuii mtu kusikia. Mtoto amepata cha mama na cha baba, vimekutana."

"Lakini kwetu hakuna kiziwi," fundi alinong'ona.

"Karibu kila anayekuja hapa husema hivyo. Hupita kimya vizazi kwa vizazi."

Fundi alifungua mdomo kuuliza. Mkewe akamfinya paja.

"Mlikuja kuuliza habari za masikio," mshauri alisema, akitabasamu kidogo. "Ila sampuli zenu tatu zinalingana, kama ilivyotakiwa. Na habari njema zaidi ni hii: aina hii ya uziwi huacha mshipa wa sikio ukiwa mzima. Kifaa kitamfaa sana."

Mshonaji, ambaye hakulia siku ya ugomvi wala siku hata moja ya upweke, alilia hapo, kichwa juu, kama mshindi. Fundi naye alikuwa akimfuta machozi huku ya kwake yakimdondoka.

Ukumbini alimpigia dada yake, akaweka spika.

"Wamesemaje?"

"Nusu kwake, nusu kwangu, dada. Kimetoka kwetu pia. Huenda hata wewe unacho."

Sauti ya dada ikawa ndogo: "Wifi yangu yupo hapo? Wifi, mdomo wangu umeniponza. Nisamehe."

"Nimekusikia, wifi," alijibu mshonaji. "Jumapili njoo nyumbani, nikufundishe kuongea na mwanao kwa ishara za mikono. Mdomo nao upumzike."

Upasuaji ulikwenda salama. Kidonda kilipopona, walirudi kifaa kiwashwe. Mshonaji alivaa gauni la manjano, fundi shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono. Kitufe alikaa mkekani akipanga vibao. Mtaalamu akabonyeza kompyuta yake, akawapa ishara. "Semeni neno."

Wote wawili wakatazamana.

"Anza wewe," mke alinong'ona.

"Wewe ndiye mama."

"Siku ile uliomba radhi kwa maneno matamu, leo yamekwenda wapi?"

"Mke wangu, mwenye mdomo katika nyumba yetu ni nani?"

"Mimi? Mimi ndiye mwenye mdomo?"

Kibao kilianguka. Kitufe aliinua kichwa, akamtazama mama yake, akamtazama baba yake, macho yamemtoka.

"Endelea," fundi alisema kwa shida.

"Niendelee nini?"

"Kunigombeza. Anakusikia!"

"Basi mwenye mdomo ni wewe!" alisema, sauti ikimkatika kwa kicheko na kilio. "Wewe, baba Kitufe, wewe na dada yako!"

Na Kitufe, kwa kusikia hivyo, alicheka mpaka akaanguka chali.