Mishale Kwenye Video ya Mazishi

Haya yalimkuta rafiki yangu Juvenali, wa Murukulazo, wiki moja baada ya kumzika mama yake. Dada yake Jovitha, aliyejifungua Mwanza siku ileile ya mazishi, alimpigia simu.

"Nitumie video, kaka. Na mimi nimuage mama."

Video aliichukua Juvenali mwenyewe, na picha zilikuwa zikiyumba. Akafunga dirisha, chumba kikawa giza, akaifungua kwenye programu ya kutuliza video. Programu ile hulinganisha kila picha na inayofuata, na penye kitu kilichosogea huchora mshale.

Mishale ya waombolezaji ilielekea kaburini, kule migombani. Michache ilitoka kaburini ikirudi nyumbani, na pale ilipopita hapakuwa na mtu. Ilisogea, ikasimama, ikasogea tena, kama mama alivyotembea tangu avunjike nyonga.

Juvenali akaongeza sauti. Nyuma ya wimbo wa kwaya, kandambili moja ilikuwa inaburuzwa.

Mwishoni mishale ile iliacha njia ya nyumbani, ikaanza kutanuka pande zote. Programu huichora hivyo kitu kinapomjia aliyeshika kamera.