Kilio cha Tangini

Stima ilipopotea mtaa mzima wa Buruburu, pampu ya hewa ya tangi la samaki ilinyamaza, lakini mapovu yakaendelea kupanda. Opicho aliyaona, akasonya, akasema labda ni hewa iliyobaki kwenye mpira. Mtu aliyechoka huamini lolote.

Na alikuwa amechoka kweli. Mfanyakazi wa reli, mtu mzima na kitambi chake, alikuwa ameapa kulea vifaranga vya wale samaki wa bahari wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Wazazi walitaga vizuri tu, mayai yakaanguliwa, vifaranga vyembamba kama kope vikaogelea, halafu vikafa. Kila uzao vilikufa, lo, kabla ya kuota hata mkanda mmoja! Alivifugia vijidudu vya chakula kwenye ndoo za maji ya kijani, akapima joto kwa kiwiko kama mama anayeogesha mtoto, wapi. Kazini walishaanza kumwita Baba Marehemu. Jina hilo lilimuuma, kwa kuwa yeye na mkewe Muhonja hawakujaliwa mtoto, na alitaka angalau kitu kimoja kilichozaliwa nyumbani mwake kikue.

Safari hii aliacha maji ya kukoroga chumvi, akaleta maji yenyewe ya bahari kutoka Mombasa, madumu kwa madumu, ndani ya behewa la mizigo. Aliyateka mbele ya pango ambamo wenyeji walitundika vitambaa vyekundu. Walimwambia apige hodi kwanza. Alicheka, akauliza bahari ina mlango gani.

Vifaranga vilipoanguliwa ndani ya maji hayo, nyumba ikaanza kunuka udi, na humo ndani hakuna aliyewahi kufukiza udi. Kisha magharibi ilipoingia, kilio cha mtoto mchanga kikaanza tangini, kikapanda na kushuka, kikapita sebuleni, kikaingia jikoni alikosimama Muhonja na mwiko wa ugali, na alipoziba masikio kikaendelea kulia ndani ya kifua chake, na mbio alizokimbia kwenda kwa mumewe zikamfikisha mbele ya tangi, ambamo vifaranga vyote vilikuwa vimesimama wima, vikitazama juu, huku kimoja kimoja kikianza kuzama.

"Vinakufa tena," Opicho alinong'ona. Hata wakati huo, jamani, aliwaza samaki.

Muhonja akafanya wanachofanya wamama wa kwao Maragoli mtoto akikataa kunyamaza: huitwa majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, mpaka atulie kwa lile analolitaka. Aliita Wekulo. Aliita Mulongo. Aliita shangazi, akaita hata shemeji aliyekufa maji. Kilio kikazidi. Opicho, hasira zimemjaa shingoni, akalipiga tangi kofi.

"Basi itwa Opicho, unyamaze!"

Kikanyamaza.

"Jina la aliye hai halipewi mtoto," Muhonja alisema polepole. "Umejichimbia kaburi."

Kesho yake hakikuwa kimekufa kifaranga hata kimoja. Vikakua, vikaota mikanda. Opicho aliita majirani waje waone, lakini sauti yake ilikuwa inakauka, na chakula kilimkataa. Muhonja akamleta Jimale, mwenye duka la mafuta ya taa, aliyejua visomo vya kufukuza majini. Jimale alisoma mpaka jasho likamtoka, kisha akauliza wamemwita nani. Alipoambiwa, akafunga kitabu.

"Mgeni ningemtoa, mama. Huyu mmempa jina. Ni mtu wa kwenu sasa."

Alipoondoka, Muhonja alimsihi mumewe ayamwage yale maji. Opicho akatikisa kichwa. Vifaranga vyake vilikuwa vinacheza, na asingeviua kwa mkono wake.

Hapo mwenzake wa reli akabisha mlangoni. "Opicho! Uko?"

Opicho akaenda, akafungua mlango, akafungua na kinywa. Hakikutoka kitu. Nyuma yake, tangini, sauti yake mwenyewe ikajibu, nene, yenye furaha:

"Niko. Ingia."

Mwenzake akaingia, akampita Opicho pale mlangoni kana kwamba mlango umejifungua wenyewe, akamgeukia Muhonja.

"Mzee yuko chumba gani?"