Diski Mbili, Picha Moja

Saa 2:40 asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri. Meza moja, viti vitatu, na wote watatu wamesimama. Shemeji alichora ghala kwa chaki juu ya meza. Lango. Ngazi. Ofisi ya juu.

"Mara ya kwanza tuliingia kuchukua," alisema. "Leo tunaingia kufuta."

Wiki tatu zilikuwa zimepita. Usiku ule Msumari alibaki kwenye gari. Ndani waliingia wawili, Shemeji na Kaka. Akatoka Shemeji peke yake, na kasha la pesa.

"Mlinzi alimpiga risasi," Shemeji aliwaambia msibani. "Akanifia mikononi."

Tangu maziko, Fundi, mdogo wake Kaka, alikuwa akimsikia marehemu akikohoa chumba cha pili, kile kikohozi kikavu cha mvuta sigara. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na nyumba nzima inalia? Yeye hakuwa jambazi, alikuwa mtengeneza kompyuta. Lakini Kaka keshakwenda. Na picha za usiku ule zikionekana, Shemeji, mume wa dada yao, naye atafungwa. Dada atabaki na nani?

"Eleza," Shemeji akamwambia.

"Mashine ya kamera iligoma tangu umeme ulipokatwa usiku ule. Fundi wao anafika saa sita. Sisi tunafika saa nne." Fundi aligusa mchoro wa ofisi ya juu. "Ndani kuna diski mbili, ila mashine inaziona kama moja. Kila picha inachanwa, kipande huku, kipande kule. Nikiziamuru zirudi kuwa diski mbili, kila moja na lake, yote yanafutika. Watadhani ni umeme."

"Utaalamu kamuuzie mwingine. Itafutika, haitafutika?"

"Itafutika."

Saa 4:05.

Mlinzi wa lango aliwatazama kwenye ovaroli zao akacheka.

"Mafundi gani nyie, mnafika kabla ya saa?"

"Wenye njaa," Msumari akajibu. Lango likafunguliwa.

Shemeji, ambaye sura yake isingefaa kuonekana pale, alibaki kwenye gari nyuma ya ukuta. Msumari alisimama kwenye ngazi kulinda. Fundi aliingia ofisini peke yake akafunga mlango.

Saa 4:22.

Ugonjwa wa mashine ulikuwa mdogo, kifaa cha umeme kimeungua. Alikibadilisha. Taa zikawaka. Akaingia mahali pa kupanga diski, akatoa amri, na kioo kikamuuliza: zirudishwe kuwa diski mbili? Yote yaliyomo yatafutika. Ndiyo. Hapana.

Kidole kilikuwa juu ya Ndiyo.

Lakini Kaka alikuwa mle ndani, akiwa hai kwa mara ya mwisho. Fundi alitaka kumwona tu. Mara moja, halafu amfute.

Akaifungua kamera ya tatu, ile ya ujia wa nyuma.

Shemeji alitangulia na kasha. Kaka alifuata, ameshika paja, anaburuta mguu. Shemeji alifika kwenye mlango wa chuma, akatoka, akageuka. Alimtazama Kaka vizuri. Kisha akausukuma mlango, na komeo lake lilikuwa nje.

Kaka aliugonga. Picha haikuwa na sauti. Ngumi zilipanda na kushuka kimya kimya. Fundi aliisogeza mbele, akasimamisha, akasogeza tena. Saa ya pembeni ya picha ilihesabu dakika kumi na moja. Mwishowe Kaka aliketi. Akainua uso akaiangalia kamera.

Mtu akakohoa nyuma ya bega lake. Fundi aligeuka. Palikuwa na kiti na bunda la nyaya.

"Fundi! Tayari?" Msumari aliita kutoka kwenye ngazi.

"Bado kidogo."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na muda wa kuyafuta. Akabonyeza Hapana. Akazima mashine, akachomoa diski zote mbili. Zikiwa pamoja, picha ipo. Moja akaitia ndani ya shati, ya pili chini ya bisibisi kwenye sanduku. Mbili shatini zingemwotesha kitambi cha kuazima.

Saa 4:50.

Gari lilikuwa limesimama kwenye barabara ya vumbi. Shemeji hakumwamini hata mama aliyemzaa. Alimwaga sanduku lote.

"Hii nini?"

"Moja imekubali kufutika, nimeiacha ndani," Fundi alisema. "Hiyo imegoma. Nimeitoa."

Mtu anayejua mashine angecheka. Hazifutiki moja moja, maana zinafanya kazi kama kitu kimoja. Shemeji hakujua. Alishika nyundo, akaiweka diski juu ya jiwe.

Fundi alitamani kupiga kelele kwamba ukivunja moja umevunja zote. Kusema ndiko kungeifichua ya pili. Akanyamaza, na Kaka akafa mara ya pili mbele ya macho yake, kwa mapigo manne.

Saa 6:15.

Nyumbani, Dada alikuwa anakunja mashati ya marehemu. Fundi aliweka diski juu ya rundo la mashati.

"Umevunja nusu tu, Shemeji," alisema. "Nusu yenye mlango hii hapa."

Shemeji alisimama ghafla.

"Mlango gani?" Dada akauliza.

"Muulize mumeo. Kamera ya tatu. Dakika kumi na moja."

"Asingefika hata garini!" Shemeji alipayuka. "Damu inamwagika, mguu umekwisha. Ningembeba tungekamatwa wote. Nilikufikiria wewe, mke wangu!"

"Uliniambia alikufia mikononi mwako."

Shemeji aliirukia diski. Msumari, aliyekuwa mlangoni na funguo za gari mkononi, alimdaka shingo akambana ukutani.

"Uliniambia ameshakufa, nikaondoa gari," Msumari alisema polepole. "Injini ilikuwa inawaka, bwana mkubwa. Ningemngoja. Na mimi je, ungenifungia?"

Alimburuta nje. Gari likawaka, likaondoka kwa kasi. Hakuna aliyeuliza linaelekea wapi.

Dada aliichukua diski kwa mikono miwili.

"Iwashe. Nataka kumwona kaka yangu."

"Dada, humu hamna picha." Fundi alisema. "Kila picha ilichanwa. Vipande vingine vimebaki kule barabarani. Haitafunguka tena. Nilimtisha tu."

Dada aliirudisha diski juu ya mashati.

"Lakini wewe umemwona."

"Nimemwona."

"Basi kaa hapa, mdogo wangu. Nisimulie. Usiruke hata kidogo."

Fundi akakaa. Akaanzia pale Kaka alipotokea kwenye ujia, akiwa bado anatembea.