Karatasi ya Mjomba na Mayai ya Madoadoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Injinia alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kujaza maji kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, na kutaniwa na bibi yake. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio. Nyumbani aliitwa Injinia tangu siku alipofufua redio ya jikoni kwa kupangusa betri zake tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sifa alizipenda kupita kiasi.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwita siku moja, "kompyuta yako iko tayari, au bado inajipamba?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kapu la mayai arobaini ya kuku wake wa madoadoa. Kuku hao aliwarithi kwa mama yake, na hakuwahi kuwachanganya na wengine.

Mashine yenyewe aliitengeneza Mjomba, mtoto wa Bibi, fundi wa vyombo vya umeme aliyefanya kazi mji mwingine. Lilikuwa sanduku la mbao lenye taa ya joto, feni na kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni. Sehemu ya kuamrisha taa Mjomba aliiandika kwa lugha ngumu ya kompyuta, kisha akaigeuza kuwa lugha ya mashine. Ikawa maktaba, yaani faili lenye kazi zilizokwisha tayarishwa: unaziita kwa majina yake, lakini ukilifungua huelewi hata neno. Programu ya kuziita kazi hizo alimwachia Injinia, aiandike kwa lugha nyepesi aliyojifunza kwenye klabu ya kompyuta shuleni. Akampa na karatasi moja.

"Maktaba haijui ulichokusudia," alimwambia. "Inajua ulichoipa tu. Soma hii kwanza."

Injinia aliipitishia macho tu, akaikunja. Sasa aliandika joto analolitaka Bibi, 37.7. Kompyuta ikakataa, ikaandika kwamba inataka namba kamili, isiyo na nukta. Bibi yuko pale pale na kapu lake. Injinia hakutaka aonekane amekwama, basi akakata nukta na kilichofuata, akaacha 37. Kompyuta ikanyamaza. Nukta saba, alijiambia, haimuui mtu.

Loo, uvivu wa kusoma! Mstari wa tatu wa karatasi ulisema joto lihesabiwe kwa sehemu za kumi, yaani 37.7 iandikwe 377. Maktaba ilipopewa 37 ikaelewa ni nyuzi 3.7, baridi ya friji. Kwa kuwa Mjomba aliiwekea kinga isishuke chini ya nyuzi 36, ikakaa kwenye 36 hiyo hiyo, usiku na mchana, bila kulalamika.

Siku ya tatu Bibi alichungulia kipimo chake cha joto, cha kioo, kilichoning'inia ndani ya sanduku. Akauliza mbona kinasema 36. Injinia alijua hapo pana kitu. Lakini kesho yake alikuwa anaionyesha programu hiyo mbele ya walimu, na alikuwa ameshajigamba vya kutosha.

"Kipimo hicho kimechoka, Bibi," akasema. "Kompyuta haikosei."

Bibi alimwamini. Akakitoa kipimo, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka kwenye droo. Kesho yake Injinia alipigiwa makofi shuleni.

Wiki ya pili ukaingia ugonjwa wa kideri. Bibi alikuwa ameahirisha kuwachanja kuku wake kwa siku chache kwa sababu ya goti lililomuuma. Siku nne zilitosha: mitetea wote wakafa, na jogoo akawafuata. Kuku wa madoadoa waliobaki duniani, kwa Bibi, walikuwa ndani ya yale mayai. Kila saa alikwenda kuligusa sanduku kwa kiganja.

Siku ya ishirini na moja hakuna yai lililopasuka. Ya ishirini na mbili, kimya. Ya ishirini na tatu walitoka vifaranga watano, watatu wakafa hata hawajakauka. Bibi alikaa chini akayafungua mayai mengine moja moja. Mengi yalikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya na madoadoa yao, wamekufa.

"Ni mimi," alisema. "Nilichelewesha chanjo. Ugonjwa uliingia mpaka kwenye mayai."

Injinia alikuwa ameshika beseni la maganda. Alichotakiwa kufanya ni kufumbua kinywa. Akafumbua, akasema, "Pole, Bibi."

Jioni aliisoma karatasi, akauona mstari wa tatu, akaandika 377. Hakuna aliyemwona. Wiki nzima alimsikiliza Bibi akimsimulia kila mgeni jinsi uvivu wake ulivyomaliza kuku wa mama yake. Bibi alikuwa akifagia banda tupu kila asubuhi, na chakula anaacha nusu.

Jumamosi Mjomba akaja. Bibi alipoanza kumsimulia, Injinia hakuweza tena.

"Si Bibi," alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote, la nukta, la karatasi, mpaka la kipimo.

Bibi aliinuka. Alikwenda kwenye droo, akakifungua kitambaa, akakirudisha kipimo mahali pake ndani ya sanduku, ambalo taa yake ilikuwa bado inawaka. Akakitazama kikipanda taratibu mpaka karibu na 38. "Kumbe kilikuwa kizima," akasema.

Mjomba alisugua paji la uso. "Kosa la namba ningekusamehe kabla hujamaliza kulieleza. Mimi nimefanya makubwa kuliko hilo. Lakini kompyuta ilikukatalia, ukainyamazisha. Kipimo kikasema kweli, ukakiita kibovu. Halafu mama yangu akajibebesha mzigo wako, nawe ukamtazama."

Miezi miwili baadaye walipewa mayai na jirani. Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga thelathini na sita, weupe, wazima. Wale wawili wa madoadoa walikuwa wamekua, na wote wawili walikuwa wanajifunza kuwika. Hapakuwa na mtetea hata mmoja wa kuendeleza mbegu yao.

Bibi aliwatazama wale weupe. "Ni wazuri," alisema. Tangu ile Jumamosi hakumwita tena Injinia mke mwenzake. "Mjukuu wangu, siku nyingine ukikwama, sema umekwama. Mimi nilikuwa nimesimama tu pale mlangoni na kapu langu. Ningesubiri."

Injinia akaitikia, akachukua kopo, akaenda kujaza maji.