Watoto Wawili Wasiotajwa

Bibi mshonaji alikanyaga cherehani kwa hasira. Sindano ikakatika. Ilikuwa ya pili tangu asubuhi.

"Anakohoa tena?" aliuliza bila kugeuka.

"Tena, mama," binti yake alijibu.

Alikuwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Walimwita Bwana Mkubwa, lakini mwili ulikuwa wa mtoto wa miezi miwili. Mdomoni ana utando mweupe. Anaharisha. Ugonjwa huu ukitoka, mwingine unaingia.

Mkwe wa bibi, fundi wa kuchomelea vyuma, akaingia na chupa ya dawa. Rafuni zilikuwapo nyingine sita.

"Hii ni kiboko, mama. Inaongeza kinga mwilini."

"Na ya jana ulisema kiboko. Kiboko gani hiki kisichochapa? Twendeni hospitali!"

Wodini, muuguzi alifungua faili. "Bibi, upande wa mama wa mtoto, kuna watoto wa kiume waliofariki wakiwa wachanga?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Mara ya tatu hii unaniuliza! Wewe mwanangu vipi?"

Ukweli ni kwamba walikuwapo. Lakini kwao, mtoto aliyekufa kabla ya kutembea hatajwi. Hata binti yake hakuwahi kuambiwa.

Muuguzi akaweka kalamu chini. Naye alikuwa amechoka.

"Bibi, siulizi kwa umbeya. Sikiliza. Mwili una askari wa kupigana na magonjwa. Ni seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli hizo huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa. Zikiwa changa, hazijui kazi. Kila moja ina vipokezi juu ya ngozi yake, kama masikio. Mwili huzitumia ujumbe: kua, ongezeka, jifunze kumjua adui. Masikio yakipokea, seli inakomaa. Yakiwa na kasoro, ujumbe unaishia nje. Seli haikui, inakufa."

"Na dawa zangu?" mkwe akauliza.

"Hazitengenezi masikio hayo, baba."

Mkwe akaitia chupa mfukoni.

"Kasoro ya aina moja hubebwa na mama mzima wa afya," muuguzi akaendelea, "ikawapata baadhi ya wanawe wa kiume, na binti yake akaweza kuibeba vilevile bila kuugua. Nikijua, daktari ataanza na kipimo cha kasoro hiyo. Nisipojua, tutaendelea kutibu kikohozi, na mtoto huyu hana muda."

Bibi alimtazama mjukuu. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka.

"Wawili," alisema. "Mmoja alifika miezi sita. Mwingine saba. Walikohoa hivi hivi."

"Mama! Nilikuwa na kaka?"

"Ulikuwa nao."

"Miaka yote hii umekaa kimya?"

"Nilifundwa kunyamaza, nikanyamaza! Sasa nimesema. Mpimeni mtoto!"

Damu ikachukuliwa siku ile ile. Majibu yalipotoka, ilikuwa kasoro hiyohiyo.

Mtoto akawekwa chumba cha peke yake. Kila aliyeingia alinawa mikono kwa sabuni. Wageni wakakatazwa. Chanjo zenye vijidudu hai zikasimamishwa kwake yeye tu. Watoto wengine waliendelea kuchanjwa, maana zinawafaa. Kisha wakampima dada yake wa miaka minne. Uboho wake ulilingana na wa mdogo wake. Ukatolewa kidogo, mtoto akapewa. Seli mpya zilikuja na masikio mazima. Zikasikia. Zikakua.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Bibi aligombana na kila mtu: mlinzi wa lango, shangazi aliyeleta dawa ya mizizi, hata daktari aliyesema "subiri" kila siku.

Mwaka ulipopita, Bwana Mkubwa, sasa mnene, aliambukizwa mafua na dada yake. Nyumba nzima ikapagawa. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akampima, akacheka.

"Ni mafua tu, bibi. Askari wake wapo kazini. Mrudisheni nyumbani."

Siku ya nne mafua yakaisha. Bibi alikaa kando ya kitanda, amekunja uso, akisubiri ugonjwa wa pili uingie.

Haukuingia.